Kitanda Chako Chuoni

Dada yangu Martina,

Sikuamkii kwanza. Mimi sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mwalimu, mama wa watoto watatu, na wewe ulibaki na miaka yako kumi na mitano. Shikamoo nimwambie mtoto? Utanisamehe. Nakumbuka ulivyokuwa ukinidai salamu hiyo kila asubuhi kwa ajili ya mwaka mmoja tu ulionizidi, umesimama mlangoni kwetu Bashay umeshika kiuno: "Theresia, hujaniamkia." Na mimi nabisha, nasema mwaka mmoja si ukubwa, mpaka mama anatupigia kelele wote wawili. Nilikuwa mbishi. Bado ni mbishi, hata mume wangu anajua.

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwa yule anayeandikiwa. Mimi ni mzima wa mwili. Hofu iko huku huku kwangu.

Nimeshika kalamu kwa mambo mawili. La kwanza, mama ametutoka mwezi uliopita. Tumemlaza katikati yako na baba. Jumamosi anakuja fundi kujengea makaburi yote matatu kwa saruji na marumaru, maana misalaba ya mti imeoza, na wa kwako umeinama kabisa. Fundi ameniambia, "Mwalimu, niandikie majina kwenye karatasi, nisije nikakosea. Saruji ikishakauka imekauka." Karatasi iko hapa mezani. Jina la baba nimeandika. La mama nimeandika. Mstari wa tatu uko mtupu, na leo ni Alhamisi.

La pili ni Anjela, binti yangu wa kwanza. Hukumjua. Amepata nafasi Chuo Kikuu, kile kile, na ameondoka Jumanne kwa basi la alfajiri. Wiki nzima kabla ya safari alinishikilia: "Mama, wewe si ulisoma pale? Niambie pakoje. Hiki kijitabu walichotupa kina picha za majengo tu na watu wanacheka." Nikamwambia nitakuandikia kila kitu, mwanangu, utakisoma ukiwa huko huko. Lakini kila nikishika kalamu nimwandikie yeye, ni wewe unayekuja. Na ni haki yako. Ukiangalia cheti, aliyesoma pale ni wewe.

Wengine wanaweza kusoma barua hii, kwa hiyo acha niwaeleze wasiojua. Baba yetu, Mzee Amnaay, alitupeleka shule pamoja ili mmoja amsindikize mwenzake, tukakaa dawati moja miaka saba. Wewe ulikuwa na akili. Mimi nilikuwa nanakili kwako, na wewe ukinificha kwa kiwiko. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, kwa wasichana wa shule nzima ulichaguliwa wewe peke yako. Wiki ile ile homa ikakushika. Siku tatu tu, jamani. Siku ya tatu tulikaa barabarani tukisubiri basi la kwenda Haydom hospitali, kichwa chako kiko mapajani kwa mama, na basi lilipotokea kule mlimani mama akampungia dereva mkono aendelee zake. Ndivyo nilivyojua.

Babu alikuwa bado hai, na alishikilia ile desturi ya zamani ambayo watu wengi waliobatizwa walikuwa wameanza kuiacha, metimani, kwamba nyumba iliyopata msiba wa namna hiyo ijitenge. Ulizikwa na watu wachache, katekista akasoma sala fupi, msalaba ukasimama bila jina. Baada ya hapo hatukwenda kisimani na wenzetu. Ng'ombe wetu walichungwa peke yao. Hakuna jirani aliyekanyaga kwetu wala sisi kwao, kwa wiki nyingi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Ni katika kujitenga huko baba alipata wazo lake. Mchana mmoja alikuja na ile barua ya kukuita sekondari, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nafasi hii ni ya nyumba hii," akasema. "Haiwezi kuzikwa." Akachukua msumari mkubwa, akaupasha motoni mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo na kutoka nje. Nilimfuata. Nilisimama nyuma yake kaburini kwako nikisikia harufu ya mti unaoungua, nikamwona anaandika jina langu, herufi moja moja. THERESIA. Ile S aliigeuza, ikaangalia nyuma, kwa sababu baba hakusoma sana. "Mtu wa shule akija kuuliza," akaniambia bila kugeuka, "kaburi lazima limjibu vizuri."

Siku tulipotoka kwenye kujitenga, mimi nilitoka nikiwa Martina. Majirani walijua. Nani asiyejua watoto wa jirani yake? Walinitazama, wakatazamana, wakaniita Martina, mwanzoni kwa kusitasita, baadaye kama vile ndivyo nilivyozaliwa. Mama peke yake hakuniita hivyo. Wala hakuniita Theresia. Kuanzia siku ile nilikuwa "mwanangu" tu. Mwanangu njoo ule. Mwanangu umefika salama? Nilidhani ni mapenzi. Nimechelewa sana kuelewa kwamba lilikuwa jina pekee ambalo halikumwumiza.

Mtu asituone sisi ni watu wa ajabu sana. Siku zile kusoma kwa jina la mwingine lilikuwa jambo la kila shule. Darasani anaitwa Yohana, nyumbani anaitwa Daudi, na mwalimu mwenyewe anajua. Lakini wenzangu walichukua majina ya watoto waliohama au walioolewa. Mwenye jina yupo mahali fulani, anapika ugali wake. Mimi nilichukua la kwako, na kila likizo nilipita kwenye kaburi lenye jina langu nikienda kuchota maji. Hata mkoa wetu baadaye ulibadilishiwa jina. Tulilala tukiwa watu wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara. Siku hiyo nilicheka peke yangu ofisini, nikasema kumbe na serikali inafanya mambo haya.

Sekondari yote ulikaa kimya. Kidato cha kwanza mpaka cha sita, hakuna kitu, mpaka nikaanza kuamini kwamba jina ni nguo tu, umevaa wewe, nimevaa mimi. Nilipochaguliwa Chuo Kikuu nilivaa koti zito la mitumba nililonunua mnadani. Baridi ya Mbulu ndiyo niliyoijua, sikujua dunia ina joto la aina ile. Safari ilikula siku mbili. Nilishuka nikiwa nimeloa jasho, watu wananicheka, na nikapanda kile kilima na sanduku la bati kichwani.

Sasa nikueleze Chuo, Martina, maana hukukiona, au mimi nilidhani hukukiona. Kwanza ni kikubwa kuliko unavyofikiria. Chukua Mbulu mjini yote, na soko, na boma, na parokia, bado haijafika. Kina barabara zake, posta yake, zahanati yake, kanisa na msikiti, na basi linalozunguka humo humo ndani. Sheria wako huku, sayansi kule bondeni, uhandisi mbali, na sisi wa ualimu tulikuwa kila mahali kama kuku. Wiki ya kwanza utapotea, ni kawaida, kila mtu anapotea, hata wale wanaotembea kwa maringo. Usimwulize njia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenzio, atakupeleka asikokujua. Muulize mama anayefagia. Hao ndio wanaokijua Chuo.

Usajili ulifanyika katika ukumbi mkubwa, tumekaa kwenye mabenchi na bahasha zetu za vyeti, na karani anaita majina kwenye kipaza sauti. Ukisikia jina lako unasema "Nipo," unakwenda mezani, unasaini. Nilikuwa nimezoea jina lako kwa miaka sita, nalisikia kama langu. Karani akaita, "Martina Amnaay." Nikavuta pumzi niitikie. Kabla sijafungua mdomo, mtu nyuma kabisa ya ukumbi akasema, "Nipo."

Sauti nyembamba, ya mtoto. Niligeuka. Mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu, tulikuwa tumejazana mbele wote kwa sababu ya feni. Nikasema nimesikia vibaya, nikanyanyuka, nikaenda mezani. Karani hakuniangalia. Akaweka kidole kwenye daftari akasema, "Wewe binti, umeshasaini, unataka nini tena?" Nikaangalia. Mbele ya jina lako palikuwa na sahihi ya wino wa bluu, M yenye mguu mrefu wa mwisho unaoshuka mpaka mstari wa chini. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuchapa kwa ajili ya mguu ule, na hukuuacha.

Nilisema nimesahau, karani akasonya, akanipa ufunguo wa chumba. Ningeweza kurudi Bashay siku ile ile, Mungu ni shahidi. Lakini ningemwambia nini baba? Kwamba mwenye nafasi amefika?

Na sasa neno ambalo kila anayekwenda pale ni lazima alijue kabla ya kujua jina la mkuu wa Chuo. Kubebana. Wanafunzi walikuwa wanaongezwa kila mwaka na mabweni yalikuwa yale yale, kwa hiyo aliyepata kitanda anamchukua asiyepata, wanalala wawili. Mwenye kitanda ndiye anayebeba. Mwenzake anaitwa mbebwa. Jina lake haliko popote, ufunguo hana, akikutwa na mlezi wa bweni anafukuzwa, na ana adabu zake: anaamka mapema, hatandazi vitu vyake, anajifanya mgeni aliyepita kusalimia. Mimi nilikuwa na kitanda changu, chumba cha mwisho karibu na ngazi. Simbebi mtu. Chumba kile nilikaa na Rehema, Mnyamwezi wa Tabora, msichana wa maneno mengi na moyo mweupe.

Mwezi wa pili hivi, nimetoka kwenye semina saa saba mchana, namkuta Rehema amesimama nje kwenye ngazi na sahani ya wali, amenuna.

"Martina, mbona hukuniambia unabeba mtu?"

"Nabeba nani?"

"Huyo mdogo wako humo ndani. Sikatai kubeba, lakini si unaniambia? Nimeingia namkuta kalala kitandani kwako, kageukia ukuta. Namsalimia haitikii, halafu kanijibu kwa Kimbulu. Anaumwa? Mbona mmemnyoa kipara kama mtoto wa shule ya msingi?"

Nilifungua mlango. Hakukuwa na mtu. Kitanda nilichokitandika asubuhi kilikuwa kimebonyea upande wa ukutani. Niliweka kiganja pale na pakawa na joto, joto la homa, si la mwili wa kawaida. Rehema akanifuata nyuma, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia kabati. "Huyu mtoto kapita wapi, mimi si nilikuwa mlangoni?" Nikamwambia amepitia dirishani. Ghorofa ya tatu, Martina. Na yeye akanitazama, akakubali, kwa sababu lile jingine lilikuwa gumu zaidi kulisema.

Tangu siku hiyo nilianza kulala pembeni, nikikuachia ukutani, kama tulivyolala nyumbani. Sikukuona hata mara moja. Nakuapia. Lakini asubuhi shuka upande ule lilikuwa na joto, miaka mitatu mizima, na kuna siku nilijikuta nimenunua andazi la pili bila kujua nimelinunua la nani. Nilizoea. Ndiyo, niseme ukweli, kuna wakati nilifurahi. Nilijisemea, namsomesha dada yangu. Yeye alifaulu, mimi nambeba.

Siku moja nikiwa napanga foleni kafeteria, wazo likanijia, na sahani ikaniponyoka. Kitanda kiliandikwa jina la nani? La Martina. Ufunguo ulisainiwa na nani? Sahihi ilikuwa ya nani? Sasa yule ambaye jina lake haliko popote, anayeamka mapema na kujifanya mgeni, ni nani? Nilikuwa najiona nabeba. Kumbe mbebwa nilikuwa mimi. Watu walicheka sahani ile ilivyovunjika, na mimi nilikaa chini pale pale nikalia.

Nirudi kwenye maelezo, maana Anjela naye atasoma. Maktaba ni ghorofa nyingi, ingia mapema upate kiti karibu na dirisha. Vitabu vinavyotafutwa sana huwezi kwenda navyo nyumbani, unavisoma hapo hapo kwa saa. Maktaba ndiko nilikokutafuta zaidi. Unakumbuka shule yetu ilikuwa na atlasi moja, na wewe uliichukua mpaka kwa shangazi kule Basotu, ukakaa ziwani ukilinganisha ziwa na doa la bluu kwenye ukurasa? "Hawakulichora vizuri," ukasema. "Nitakwenda niwaambie." Basi pale walikuwa na atlasi rafu nzima. Nilikaa mbele ya rafu ile mchana kutwa, siku nyingi. Hukuja. Hapakuwa na kitu ila vumbi na watu wanaosinzia, na hilo liliniumiza kuliko yote.

Wahadhiri ni watu tu. Wengine wazuri, wengine wanaingia wanasoma karatasi zilizogeuka njano na kutoka. Ukifeli somo utarudia mtihani, wenyewe wanasema kusapu, na ukifeli zaidi unakwenda nyumbani, wanasema umedisko. Mimi sikusapu hata somo moja. Theresia aliyenakili kwako miaka saba alikuwa anafaulu! Nilikuwa naingia chumba cha mtihani, nafungua karatasi, na mkono unaanza kuandika. Sitaki kusema zaidi kuhusu mkono ule. Niliuangalia ukiandika, M zake zina mguu mrefu.

Mahafali baba alikuja, amevaa koti lake la kanisani, amepauka kwa vumbi la safari. Mama alikataa kuja. Jina lako liliposomwa, nikasimama na joho, baba alipiga makofi mpaka watu wakageuka. Tulipokutana uwanjani alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Hongera Martina. Hongera sana mwanangu." Na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia pembeni kidogo ya bega langu, pale anapoangalia mtu akiongea na watu wawili, na anaongea na yule mwingine. Nilimchukia baba siku ile. Nimemsamehe, lakini nilimchukia.

Nilianza kufundisha, nikaolewa, nikawa Mama Anjela, na jina lako likabaki la ofisini tu. Ulipokuja uhakiki wa vyeti, wenzangu walitetemeka, wengine walikimbia. Mimi nilipita bila swali. Vyeti vyangu vilikuwa halali kabisa. Mtu ndiye aliyekuwa bandia.

Watoto wangu niliwaambia kwamba pale kaburini amelala mama yao mdogo, Theresia, aliyekufa akiwa msichana. Walimwekea maua kila Pasaka. Nilisimama nyuma yao nikiwatazama wanavyoniombea nipumzike kwa amani.

Sasa jambo la mama, ambalo sijamwambia mtu. Siku zake za mwisho alikuwa wodini Haydom, saa ya kuona wagonjwa, jua limejaa dirishani. Nilikuwa namlisha uji. Akasogeza kijiko pembeni, akanitazama usoni, akasema, "Theresia."

Miaka yote ile, Martina. Jina langu, kwa mdomo wa mama yangu. Na mimi nilifanya nini? Niligeuka nyuma kuangalia anamwita nani. Halafu nikamgeukia, nikamfuta mdomo, nikamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mzee aliyechanganyikiwa, "Theresia alishakufa, mama."

Alifumba macho. Machozi yakamtoka kwa pembeni. Hakusema neno tena mpaka Mungu alipomchukua kesho yake mchana. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Alinipa jina langu mkononi, na mimi nikalitupa kwa adabu.

Ndiyo maana mstari wa tatu uko mtupu. Nikiandika Theresia, saruji itakauka, na mimi nitakuwa nimejizika kwa hiari yangu, safari hii si baba. Nikiandika Martina, kesho yake mtu atauliza, kama Martina yuko hapa, huyu mwalimu ni nani? Na anayefundisha kule ni cheti cha nani? Kazi itakwenda, heshima itakwenda, labda na mahakama. Nilitaka kumweleza Anjela kituoni kabla basi halijaondoka. Nilifungua mdomo, nikamwambia asisahau kula.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika. Niliweka kalamu nikaenda jikoni kuangalia maharage, simu ikalia. Ni Anjela.

"Mama, usiwe na wasiwasi, nimeshapata pa kulala."

"Umepewa chumba?"

"Majina yetu bado. Nimepata mtu wa kunibeba. Tena ni wa kwetu kabisa, wa Mbulu! Na unajua anaitwa nani? Martina, kama wewe!"

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Nikamwambia akina Martina ni wengi, mwanangu, parokia nzima imejaa Martina. Na ndivyo ilivyo.

"Ila huyu ni mdogo sana, mama, sijui alianza shule lini. Kanyoa kipara. Haongei, ana homa homa hivi, ukigusa shuka unaungua. Halafu ana vituko! Leo asubuhi kasimama mlangoni kashika kiuno, eti hujaniamkia. Nikamwambia wewe mtoto, shikamoo ya nini, nakuzidi mimi. Akasema nisimwite dada. Nimwite mama mkubwa." Mwanangu alicheka mpaka akakohoa. "Mama mkubwa! Mama? Upo?"

Nilikuwepo. Mtoto huyu anajua ana mama mdogo, marehemu, ambaye amemwekea maua tangu utoto. Mama mkubwa hana. Hakuna mtu huko Chuoni anayeweza kumwambia kwamba anaye.

Nilimwuliza swali moja tu. "Unalala upande gani?"

"Pembeni," akasema. "Yeye anapenda ukutani."

Basi, dada. Nimeogopa, na sasa nimetulia. Nimeandika kwenye karatasi ya fundi. Mstari wa tatu ni MARTINA, na nimemchorea fundi S ilivyo, maana ile ya "Pumzika salama" asije akaigeuza kama baba. Theresia nimejitwalia mwenyewe. Nimejiita kwa sauti hapa jikoni, mara ya kwanza, na nimeitika. Bahasha ya barua hii siifungi. Naitoa isomwe na mwajiri wangu, na mume wangu, na majirani wa Bashay walionyamaza kwa kutuhurumia. Kazi ikienda, iende. Nitalima vitunguu na baba wa watoto.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kitanda mwachie Anjela. Mimi ulinipa jina lako nikaishi nalo, sina lawama, ulinibeba vizuri. Yeye ana la kwake, limeandikwa kwenye cheti chake mwenyewe, mwachie. Njoo nyumbani Jumamosi. Mahali pako patakuwa na jina lako, katikati ni mama, na atakuita kwa sauti bila kuumia.

Na ile salamu yako, hii hapa. Nimechelewa, lakini leo sibishi.

Shikamoo, dada.

Mimi mdogo wako,
Theresia